Jiwe Nililomwekea Mama

Shamba letu liko ndani ya nyumba ya watu. Mgeni nikimwambia hivi hudhani namtania, lakini aliyefika Pate anajua. Nyuma ya mji wa sasa kuna mji wa zamani ulioanguka, na katikati ya kuta zake watu wanapanda tumbaku. Kila ukoo una chumba chake. Mimi nalima msana, kile chumba kirefu ambamo wenye nyumba walikuwa wakikaa zamani, pamoja na nusu ya kiwanda, ua wa ndani. Jirani yangu analima daka, kibaraza cha mlangoni. Asubuhi tukikutana kisimani tunaulizana, "Daka lako limepata mvua?" "Msana wako umeingiwa na wadudu?" wala hatuoni ajabu. Ukuta mmoja wa msana wangu bado umesimama na una vidaka, vishubaka vya kuwekea vitu, safu tatu, vilivyochongwa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Katika kimoja naweka kikombe changu, katika kingine kisu cha kukatia vikonyo.

Nilianza kulima hapo nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alifariki Malindi alikokwenda kutibiwa, akazikwa huko huko. Mama alikuwa mjamzito. Miezi mitatu baadaye alijifungua mtoto wetu wa nne, mvulana, na mama hakutimiza arubaini. Homa ilimshika siku ya ishirini na kitu, na maji ya bahari yalipojaa hata chombo kikaweza kutoka kumpeleka Amu, yaani Lamu, hospitali, hakukuwa tena na haja ya chombo.

Nilikuwa darasa la sita. Sikumwambia mwalimu kwamba naacha shule, niliacha tu kwenda. Wakubwa wa ukoo walikaa wakapanga kutugawa: mdogo wangu wa kiume aende kwa ami, dada yangu mdogo kwa shangazi, kichanga kwa mwanamke mmoja wa Siyu aliyekuwa ananyonyesha. Mimi nilikuwa nimepangiwa kuolewa. Nikasema hatugawanyiki. Nilisema mara moja, sikueleza. Walipoendelea kuzungumza niliingia chumbani, nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua jembe la baba na kwenda shambani. Nilisikia mmoja akicheka, "Huyu atachoka kesho kutwa." Yule mwanamke wa Siyu alihamia kwetu miezi minane akamnyonyesha mtoto, Mungu amlipe, kisha akarudi kwake.

Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Mama alitoka mlangoni mabegani mwa wanaume, nami nikabaki ndani nikisikiliza tahalili ikienda mbali, hata nikawa siwezi kujua kama bado naisikia au naikumbuka tu. Aliyefuatana na jeneza ni mdogo wangu wa kiume, miaka kumi. Kwa hiyo ilipofika Idi ya kwanza nikawachukua wote kwenda makaburini, yeye ndiye aliyetuongoza. Makaburi yako karibu na msikiti ulioanguka, na magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Alionyesha kaburi moja. Kisha akaonyesha jingine. Kisha akakaa chini akaanza kulia, na dada yake akalia kwa kuwa yeye analia.

Nilimwita mjomba, aliyeshuka kwenye mwanandani kumpokea mama. Alikuja na fimbo yake, akapita kati ya magugu bila kusita, akaikita mchangani.

"Ni hapa. Usiwe na shaka, mikono yangu ndiyo iliyomlaza."

Akaniachia ile fimbo iwe alama. Mchwa waliila kabla ya Ramadhani.

Nililala na wazo moja tu wakati ule, kwamba kaburi la mama litapotea. Wadogo zangu nilikuwa na uwezo wa kuwalisha, lakini huyu wa nne hakuwahi kumwona mama hata siku moja akiwa na akili ya kuona. Picha hatukuwa nayo. Kitu pekee nilichoweza kumpa ni mahali. Niliogopa siku ataniuliza, nami nimpeleke kwenye magugu nimwambie, "Pengine hapa, pengine pale."

Mwaka ule, nilipokuwa napiga matuta ndani ya msana, jembe liligonga jiwe. Mawe ni kitu cha kila siku katika magofu, lakini hili lilikuwa limelala kifudifudi, na nilipoligeuza niliona ukingo umechongwa mfano wa kamba iliyosokotwa, na ndani ya ukingo kuna maua, na kati ya maua maandishi. Upande mmoja lilikuwa limevunjika. Nilimwaga maji juu yake nikalisugua kwa kumvi za nazi. Chuoni nilikuwa nimehitimu msahafu, lakini herufi zile zilikuwa zimepandana na kufumwa kama ukili, na chumvi ilikuwa imekula nyingine. Niliweza kusoma jina la Mwenyezi Mungu tu. Nikaona linamtosha mama.

Mtu wa Pate akisoma hapa ataelewa sikujiona mwizi. Mawe ya magofuni kwetu hayana mwenyewe. Tunajengea ua wa mbuzi, tunawekea mafiga, kisima chetu kimezungushiwa mawe ya nyumba ambayo jina lake hakuna anayelijua. Sharti ni moja tu tuliloachiwa na wazee: usitoe jiwe msikitini, wala usitoe kaburini. Mimi nililitoa msanani, nyumbani kwa watu, chini ya tumbaku yangu. Nilifuata sharti.

Jirani wa daka aliniazima punda wake akanisaidia kulipandisha. Tulilisimamisha kichwani mwa mama, palipobaki tundu la fimbo ya mjomba, siku ya Alhamisi. Jirani alirudi nyuma hatua mbili akalitazama.

"Mamako kapata usultani," akasema. "Miye nikifa nitafutie na langu. Lakini langu liwe kubwa zaidi, mume wangu ajue nilikuwa nani."

Tangu hapo niliwalea wadogo zangu kwa tumbaku ya msana ule. Mdogo wangu wa kiume sasa ni karani wa bohari huko Mombasa. Dada yangu ameolewa Amu. Wa mwisho, yule wa mgongoni, yuko Doha, anaendesha gari la tajiri. Waliondoka mmoja mmoja, na kila aliyeondoka nilimpeleka mpaka gati ya Mtangawanda, nikarudi. Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Nimejikuta nalala kile cha mbele, kwa sababu ndicho kinachosikia watu wakipita.

Kila Alhamisi alasiri, baada ya kumwagilia, nilikuwa naenda kukaa kwa mama. Nilisoma Yasini, kisha nikampa habari. Fulani kapata mtoto. Fulani kagombana na mkewe lakini wamepatana. Wa mwisho amenitumia kitenge ambacho si rangi yangu. Nilisema kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kunisikia, na pengine maneno yangu mengi ya wiki nzima yalikuwa ni yale.

Mwaka juzi walikuja wageni wawili wenye kazi ya kuorodhesha mahali pa kale na watu mashuhuri wa kaunti yetu. Mmoja alikuwa binti wa bara, mwembamba, ana tableti yenye fomu. Wa pili alikuwa bwana wa Amu, mnene, mcheshi, msomi wa maandishi ya kale, aliyekuwa akijifuta jasho kwa kitambaa kikubwa kama taulo. Walikaa kwanza barazani karibu na duka, na binti akauliza watu mashuhuri wa hapa ni kina nani.

"Andika mimi," akasema mwenye duka. "Kutoka Faza mpaka Siyu hakuna asiyenijua."

"Mashuhuri kwa nini, mzee?"

"Kwa kukosana na kila mtu."

"Huyo hata punda wake hamsemezi," akadakia mwingine. "Andika punda. Punda ana subira."

Bwana wa Amu alicheka hata kofia ikamtoka. Lakini binti aliandika kitu, sijui nini. Kisha wakauliza nani awatembeze magofuni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa napita na ndoo kichwani, wakaelekezwa kwangu.

Niliwatembeza siku nzima. Binti alikuwa akiuliza kila ukuta ulikuwa wa nani, nami nilikuwa najua ni wa nani leo tu. "Hii nyumba ya kina fulani, wanapanda tumbaku ya kutafuna. Hii ilikuwa ya baba yao, sasa wamekodisha." Aliandika majina ya wakulima, akayafuta. Katika fomu kulikuwa na mahali pa kujaza hali ya jengo, nzuri, ya wastani au mbaya, na bwana alikuwa akimwambia kila mara, "Andika mbaya. Mbaya tena. Hapo ongeza 'sana.'"

Alasiri tulifika makaburini. Nilikuwa nimechoka, sikufikiri. Nilisikia bwana ameacha kupumua kwa kelele. Alikuwa amesimama mbele ya mama.

Alipiga magoti kwa shida. Akatoa mfukoni kioo kidogo cha mkononi, akakishika upande, akalirusha jua lipite juu ya jiwe kwa kulala, na herufi ambazo miaka yote nilizijua kama makovu tu zikainuka zikawa na vivuli. Alisoma pole pole, akirudi nyuma, akiruka palipoliwa.

"Hili ni kaburi la bibi... mwenye ilimu... mwalimu wa wanawake... binti wa..." Kidole chake kikafika palipovunjika kikasimama hewani. "Jina halipo. Lakini ni yeye. Wallahi ni yeye."

Alitueleza palepale, amekaa mchangani, kwamba zamani mjini Pate aliishi bibi mmoja mtunzi wa tenzi, aliyesomesha wanawake nyumbani kwake, na kwamba wazee wa Amu humtaja, lakini kaburi lake halikujulikana liliko. Yeye mwenyewe alikuwa amelitafuta tangu ujana wake. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Bi," akaniambia, "wajua umekuwa jirani wa nani siku zote hizi?"

Mdomo wangu ulifunguka kusema. Lakini binti alikuwa tayari anapiga picha, anasogea, anapiga tena, na bwana alikuwa ananitazama kama mtoto aliyepewa kitu cha Idi.

"Sijui, Bwana," nikasema.

Neno hilo ndilo lililonigharimu, si lile la baadaye.

Walisema watarudi baada ya miezi michache na uzio na kibao chenye maelezo, na kwamba mahali pale patakuwa pa kwanza katika orodha yao ya Pate. Usiku sikupata usingizi, na nikiri kwamba haikuwa kwa huzuni. Nilifurahi. Niliona uzio wa chuma umezunguka kaburi la mama, mbuzi hawaingii, magugu yanakatwa kwa amri ya serikali. Kaburi ambalo nusura lipotee, sasa halingepotea tena. Niliiweka furaha yangu kwanza, na jina la mama nikaliweka kando, kana kwamba ni kitu nitakachokirudia nikipata nafasi.

Habari zilitangulia uzio. Wanawake walianza kuja, kwanza wa mjini, kisha wa Siyu, kisha hata wa Ndau waliokuja kwa mashua. Walileta ubani na marashi ya mawaridi. Walifyeka magugu wenyewe. Mwanzoni nilipofika na kukuta kaburi limefagiwa na lanukia, nilikuwa naona mama ametunzwa. Lakini kila Alhamisi niliyokwenda nilikuta mtu. Nilikaa pembeni nikasoma Yasini yangu kimyakimya, na habari zangu nikarudi nazo nyumbani.

Alhamisi moja nilimkuta mwanamke nisiyemjua, wa rika langu, ameshika jiwe kwa mikono miwili, analia. Alikuwa akimwomba bibi mwalimu amwombee kwa Mungu apate mtoto. Alimwita Bi Mkubwa, akamwita binti wa masultani. Nilisubiri. Nilipoona hamalizi nilijongea nikakaa upande wa pili, palepale nilipozoea, karibu na kichwa.

Aligeuka akanitazama kwa upole.

"Sogea kidogo, dada," akasema. "Bibi huyu si wa mtu mmoja."

Nikasogea. Ningesema nini, kwamba amelishika jiwe la mtu mwingine na chini yake yuko mwanamke aliyeshona kofia, aliyeogopa radi? Niliondoka na hasira, na njiani hasira ikanigeukia mwenyewe. Niliogopa kaburi la mama lisije likapotea katika magugu, nami nimelipoteza mbele ya watu, katikati ya marashi.

Nilimpigia simu mdogo wangu wa Mombasa nikamweleza yote. Akacheka.

"Dada, mwache mama awe mashuhuri. Wangapi wanalipia?"

"Wanamwombea mwingine."

"Dua haipotei. Mungu anajua anwani."

Dada yangu wa Amu alikuwa mkali zaidi. "Ukisema, watauliza ulilitoa wapi. Utawaambia msanani? Watasema kaburi lenyewe la bibi liko chini ya tumbaku yako, watapafunga. Utakula nini? Uje kwangu ukae na mume wangu?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amepiga hesabu ambayo mimi nilikuwa nimeshaipiga.

Wa mwisho nilimpata Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini ni lile lile, siyo?" akasema. "Lenye jiwe la maua."

"Ndilo."

"Basi mimi nalijua kwa hilo jiwe, dada. Sijui kwa kitu kingine."

Nilikata simu nikakaa na maneno hayo. Yalikuwa kweli. Nilimpa jiwe, na jiwe halikuwa langu la kumpa.

Jirani wa daka ndiye aliyekuwa mtu pekee aliyeliona likitoka ardhini. Nilimwendea kumwambia nimeazimia kusema. Alikuwa anageuza majani ya tumbaku kwenye jamvi, na hakuacha kuyageuza.

"Funga mdomo, na mato uyafumbe," akasema. "Msana wako na daka langu ni nyumba moja. Wakifunga wako watafunga na wangu. Miye nimekutia kwenye punda wangu na jiwe lako, leo wanitia na mimi shimoni?"

"Bi, pale yupo mama."

"Na hapa nipo mimi, na ni hai."

Nilikaa kidogo, nikaondoka.

Nilimpigia yule binti. Walikuja baada ya wiki, wote wawili, wameshuka kwenye bodaboda za Mtangawanda wamejaa vumbi, na nyuma yao kibao kimefungwa kwa turubai. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Bwana aliponiamkia kwa furaha, yote yalinitoka nikabaki na machache.

"Bwana, aliyelala pale ni mama yangu. Jiwe nililiweka mimi."

Alikuwa na kikombe cha maji ya kunywa mkononi. Akakiweka chini bila kunywa. Nilitazamia ukali. Binti akawa anamtazama yeye, ananitazama mimi. Mwishowe akaniuliza swali moja tu, lile nililolijua.

"Ulilitoa wapi?"

Ningeweza kusema baharini. Ningesema kichakani, hata sikumbuki, nilikuwa mtoto. Hilo la utoto lingekubaliwa. Niliwapeleka msanani nikasimama kwenye tuta la tatu kutoka ukutani, miche ilikuwa imefika magotini, nikawaambia, "Hapa. Lilikuwa kifudifudi."

Bwana alitazama chini, kisha akazitazama kuta kama aliyeingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Alinieleza kwamba watu wa kale walikuwa wakizikana hata kando ya nyumba zao, na mji ulipoporomoka kuta zililala juu ya makaburi. Huenda bibi mwenyewe yupo pale pale, huenda jiwe peke yake ndilo lililobebwa. Hakuna ajuaye mpaka pachunguzwe. Miaka yote nimekuwa nikiamini nimefuata sharti la wazee, kumbe huenda nimelima juu ya kifua cha mtu. Niliketi ukingoni mwa tuta.

Siku hiyo hiyo walivuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Nusu ya msana na sehemu ya daka la jirani zikawa upande wa kutolimwa, mpaka wataalamu waje. Tumbaku iliyokuwa imeshapandwa waliniruhusu nivune. Jirani alisimama mbali, mikono kiunoni, akatazama kamba ikipita kwenye majani yake. Hajanisemesha tangu siku ile. Tukikutana kisimani yeye hungoja niondoke ndipo ateke maji.

Jiwe walilichimbua asubuhi iliyofuata. Wanawake wawili waliokuja kuzuru walisimama na chupa zao za marashi, hawakuelewa, na bwana akawaeleza kwa adabu, bila kunitaja vibaya. Mmoja alinitazama juu mpaka chini. Mwingine, Mungu amweke, aliuliza, "Basi huyu ni nani?" nikasema, "Ni mama yangu," akamsomea Fatiha kabla ya kwenda zake. Jiwe likafungwa kwa magunia, likapanda punda, likaenda Amu kuhifadhiwa. Mahali liliposimama palibaki shimo lenye mizizi myeupe, nikalifukia kwa mikono.

Binti alikuwa na tableti yake. Nadhani alinionea huruma. Akasema fomu ina nafasi, anaweza kumwandika mama pia, maadamu tuko hapo.

"Alikuwa mashuhuri kwa nini?"

Nilifikiri. Sikutaka kumpa mama sifa isiyo yake, hiyo ya kwanza ilikuwa imetosha. "Alishona kofia. Vitobo vyake vilikuwa vidogo kuliko vya wengine." Akaandika. "Nini tena?" Nilikumbuka kwamba alikuwa akiimba vibaya. Alikuwa akitupikia mkate wa mofa na kula wa kwanza mwenyewe, kabla yetu, akisema anaujaribu. Nilikuwa namjua kwa miaka kumi na minne tu, na miaka ya mwanzo mtoto haioni. "Basi hayo," nikasema.

Orodha ilipotoka alinitumia kwenye simu. Mji wetu umo, misikiti imo, bibi mwalimu yumo na picha ya jiwe lake. Chini ya picha wameandika kwamba liliokotwa na mkulima. Mama hayumo. Sikumlaumu binti. Bado namwona pale, kidole kikingoja.

Nimeweka jiwe la kawaida kichwani mwa mama, la matumbawe, halijachongwa. Lakini makaburi yote pale yana mawe ya kawaida, na magugu yamerudi, kwa kuwa waliokuwa wakizuru hawaji tena. Hivyo Alhamisi iliyopita, baada ya Yasini, nilisimama kwenye kizingiti cha msikiti ulioanguka nikapima. Nilipima mara tatu nipate kuwa na hakika. Kisha nikawatumia wadogo zangu ujumbe wa sauti, mmoja kwa wote. Nikasema: simama kizingitini uipe kibla mgongo. Tembea hatua ishirini na mbili, hatua za mwanamke, wanaume wapunguze. Utafika kwenye mti wa mkoma uliopasuka shina. Ukiwa na mkoma kuliani mwako, hesabu makaburi manne. La nne ndilo. Ni fupi kuliko mengine, mama hakuwa mrefu.

Wa Mombasa alirudisha alama ya kidole gumba. Dada wa Amu aliniuliza kama nimevuna, na kama nakula vizuri. Wa mwisho hakujibu mchana kutwa, nikadhani amekasirika kwa ajili ya jiwe lake. Alipopiga, ilikuwa baada ya Isha, na nyuma yake nilisikia magari mengi.

"Dada, sema tena," akasema. "Sema pole pole. Nina kalamu."

Nikaanza upya kutoka kizingitini. Alikuwa akinikatiza kuuliza, kulia kwako au kwangu, hatua zako ni fupi kiasi gani, na makaburi ya watoto tunayahesabu au tunayaruka. Hilo la watoto sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia asikate, nikavaa buibui, nikachukua tochi, nikaenda kuangalia.